Ini la mfanyabiashara hulindwa kuanzia kwenye gunia

KACYIRU, KIGALI. Wagonjwa wanaohitaji matibabu ya kibingwa nchini Rwanda hupewa rufaa kuja hapa Kacyiru, kwenye Hospitali ya Mfalme Faisal. Kwa anayenunua, kuuza na kula mahindi kila siku, ugonjwa wa ini unaweza kuwa ulianzia mbali na hapa, kwenye gunia lililofungwa kabla nafaka haijakauka.

Nafaka yenye unyevu huota kuvu, na baadhi ya kuvu hutoa sumukuvu aina ya aflatoksini. Sumu hiyo haionekani kwa macho na kupika hakuimalizi. Ikifika kwenye ini hugeuka kemikali kali inayoshambulia vinasaba, huku molekuli haribifu za oksijeni zikiongezeka. Ini hujikinga kwa akiba yake ya glutathioni. Lakini umri unaposonga, ini hupungua ukubwa, damu inayolipitia hupungua, na huchelewa kupona likiumia.

Hasara yake tumeiona. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania. Siku chache baadaye iliyaruhusu kwa masharti, likiwemo la cheti kinachoonyesha aflatoksini haizidi sehemu 10 kwa bilioni, kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Kwa hiyo kinachookoa mzigo mpakani ndicho kinachookoa ini nyumbani. Anika juu ya turubai, si ardhini. Pima unyevu, usizidi asilimia 13.5. Panga magunia juu ya mbao, mbali na ukuta. Punje zilizoota kuvu zitupe, wala usizipeleke jikoni au kwa kuku.

Pima pia homa ya ini aina B. Aliye nayo akila aflatoksini, hatari ya saratani ya ini huongezeka mara nyingi zaidi. Asiye nayo anaweza kuchanjwa hata akiwa mtu mzima.

Punguza pombe. Na dawa za mitishamba zinazonadiwa kwamba "zinasafisha ini", muulize daktari kwanza: baadhi ya mitishamba yenyewe hulijeruhi ini, na hakuna chupa inayofuta madhara ya gunia bovu.