Treni Haingoji, na Maziko Hayangoji

Apitaye barabara ya Mombasa kwenda Nairobi huuona msikiti wa Mackinnon Road kando ya reli ya zamani. Hapo ndipo alipozikwa Sayyid Baghali Shah, aliyekuja kutoka Punjab zama za ujenzi wa reli ile iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901. Wenye magari husimama wakaomba dua, kisha wakaendelea na safari.

Treni ya abiria ndiyo isiyosimama tena. Reli ya zamani ilikuwa na vituo hata kwa wanyonge: Mazeras, Maji ya Chumvi, Samburu, Taru, Maungu. Reli mpya, iliyoanza kuchukua abiria Juni 2017, ina vituo vitatu tu kati ya Mombasa na Mtito Andei, navyo ni Mariakani, Miasenyi na Voi. Kheri yake hatuikatai. Safari iliyokuwa ya usiku kucha, na mara nyingi zaidi, sasa ni ya saa tano au sita, alhamdulillahi.

Lakini mama aendaye Wundanyi, akishashuka Voi, safari yake haijaisha. Ana mtoto mgongoni, mwingine mkononi, na mzigo. Lazima atafute boda boda ya kumfikisha stendi, kisha matatu ya kupitia Mwatate. Na matatu haiondoki kwa saa ya treni, huondoka ikijaa. Aendaye Taveta ana zaidi ya kilomita 100 mbele yake, ilhali reli ya kufika huko ilitandikwa tangu Vita Vikuu vya Kwanza.

Siku za kawaida tutasema ni subira. Siku ya msiba je? Maziko yetu hayangoji. Saa moja inayopotea stendi huenda ndiyo iliyokuwa ya binti kumtazama mamake kwa mara ya mwisho kabla hajatolewa nyumbani.

Wala si jambo lisilowezekana. Anayeshuka Nairobi, kituo kikiwa nje ya mji, hukuta treni nyingine ya kumpeleka mjini. Voi haihitaji hata treni: mabasi mawili yanayoijua ratiba, moja la Wundanyi na moja la Taveta, yakingoja abiria washuke.

Hadi hapo, mama msafiri, wapigie simu wenyeji wako mkiwa bado Miasenyi, ili akuteremkapo mtu awe amefika kukupokea na pikipiki yake.