Mafuta ya Taa si Dawa ya Ng'ombe Aliyevimba Tumbo

Kila masika yanapoingia, majani yakachipua kwa ghafula baada ya kiangazi kirefu, wafugaji huniuliza swali lile lile: ng'ombe aliyevimba tumbo anyweshwe mafuta ya taa kiasi gani? Asinyweshwe hata tone, nami nasema hivyo kwa ukali kwa sababu nimechoka kuona mnyama ambaye angepona akifa mikononi mwa yule aliyekusudia kumwokoa.

Mafuta hayo ni mepesi mno, na ng'ombe anapokamatwa pua, kichwa kikainuliwa na ulimi ukavutwa kando, hawezi kumeza sawasawa, hata sehemu yake ikaingia mapafuni. Hapo hukohoa, na baada ya siku chache utamkuta ameinyoosha shingo, anahema kwa taabu, na mwenyewe anadhani kapatwa na maradhi mengine. Yanayofika tumboni nayo ni sumu, na harufu yake huingia katika maziwa na nyama. Wanaoshuhudia kwamba waliyatumia na mnyama akapona wamesahau kuwa uvimbe mdogo aghalabu hutoka wenyewe, mnyama akitembezwa tu akapiga mbweu.

Fauka ya hayo, maradhi yenyewe si ya namna moja. Lusini na majani machanga hufanya povu linaloifunga hewa isitoke. Pumba au mahindi yaliyofakamiwa hugeuka tindikali, mnyama akaharisha kinyesi chenye uchachu, akalala asiinuke, wala hapo hapana mafuta yamfaayo. Chanzo aghalabu ni chakula kubadilishwa ghafula, ilhali vijidudu vya tumboni vyahitaji majuma mawili au matatu kukizoea kipya.

Penye povu, mpe mafuta ya kupikia, yasizidi nusu lita kwa ng'ombe mkubwa, polepole, kichwa kikiwa usawa wa mgongo na ulimi ukiachwa huru, kisha asimame miguu ya mbele ikiwa juu. Akipepesuka, au akianza kuhema mdomo wazi, usimnyweshe kitu, mwite tabibu wa mifugo papo hapo. Aliyevamia gunia la pumba aitiwe tabibu hata akionekana mzima. Chakula kipya kianze kwa robo, kiongezwe kwa majuma mawili au matatu. Pumba zigawanywe kutwa. Na kabla ya kupelekwa malishoni ashibe kwanza nyasi kavu, umande nao uwe umekwisha kukauka.