Butembo: Kansere ya tumbo, tezi ya shingo yaweza kuwa alama
Katika komini ya Mususa, mjini Butembo, mtu akisikia moto tumboni, husema: ni gastriti tu. Mara nyingi ni kweli. Lakini kansere ya tumbo huanza vilevile.

Seli za kansere hiyo zinaweza kutoa protini VEGF-C, yenye kukuza mishipa ya limfu kando ya uvimbe. Kwa njia hiyo zinafika kwenye tezi. Mwaka 1848, munganga Mjerumani Rudolf Virchow alionyesha tezi moja ya hatari: upande wa kushoto, juu ya mfupa unaounganisha bega na kifua. Ikiwa ngumu bila kuuma, huenda kansere imekwisha kusafiri.

Waganga hupima pia protini HER2 katika kipande cha uvimbe. Ikiwa nyingi, dawa ya trastuzumab, iliyokubaliwa Marekani kwa kansere hiyo mwaka 2010, inaweza kurefusha maisha.

Kuwahi ndiko bora. Mwenye kukonda, kutapika damu ao kutoa choo cheusi asingoje. Kutibu bakteria Helicobacter pylori, iliyotajwa mwaka 1994 kuwa chanzo cha kansere, kunapunguza hatari.