Jinsi Kipofu Ajifunzavyo Njia

Watu wengi hudhani ya kuwa mtu asiyeona hawezi kwenda mahali ila ashikwe mkono. Kwa hiyo katika nyumba nyingine utaona kijana kipofu amepewa ndugu yake mdogo wa kumwongoza, na kila atakapo kutoka, yule mdogo huacha masomo yake. Hapo pana hasara mbili: mmoja apita njia asiijue, na mwingine aijua njia lakini darasani hayumo. Mtu aliyechukuliwa na gari hali amelala usingizi, je, aweza kukueleza barabara aliyopita? Basi ndivyo alivyo kipofu avutwaye mkono siku zote.

Chombo chake cha kwanza ni fimbo. Mwaka 1921 Mwingereza mmoja wa mji wa Bristol, James Biggs, aliyepofuka kwa ajali, aliipaka fimbo yake rangi nyeupe ili wenye magari wapate kumwona. Tena wakati wa vita vikuu vya pili, Mmarekani Richard Hoover aliwafundisha askari waliopofuka kutumia fimbo ndefu nyepesi kwa namna mpya, na namna hiyo yafundishwa hata leo. Fimbo hii si mkongojo wa kuegemea. Ikisimamishwa chini hufika kifuani, na mwenyewe huipeleka mbele yake kuume na kushoto, kwa upana wa mabega. Mguu wa kulia unapokwenda mbele, ncha ya fimbo hugusa upande wa kushoto, mahali utakapokanyaga mguu wa kushoto, kisha hubadilisha. Hivyo kila hatua imekwisha kupimwa kabla mguu haujafika. Lakini tawi la mti, au kamba ya nguo iliyofungwa usawa wa uso, fimbo haina habari nayo.

Katika Tanzania watoto wasioona husoma katika shule kama Buigiri, mkoani Dodoma, na Uhuru Mchanganyiko, Dar es Salaam. Huko huzoea kiwanja cha shule yao. Bali nyumbani kuna njia nyingine, nayo yataka kufundishwa mbali.

Tuseme yupo mtoto wa miaka 12 akaaye Msasani, karibu na pwani wanakoshukia wavuvi, naye ataka kwenda dukani peke yake. Mwalimu hamwonyeshi njia yote kwa siku moja. Siku ya kwanza humpeleka toka mlangoni hata pembe ya kwanza, wakarudi, wakaenda tena. Mtoto hushika mkono wa mwalimu juu kidogo ya kiwiko, akafuata nusu hatua nyuma, apate kujua mwili wa mwenzake unapogeuka au kushuka. Kumshika kipofu begani na kumsukuma mbele ni kosa, ingawa wengi hulifanya kwa huruma.

Kisha hutafuta alama. Hapa ndipo penye akili nyingi. Harufu ya vitumbua ni nzuri, lakini je, mama muuzaji asipokuja? Harufu ya samaki nayo huhama na upepo, kwa maana kaskazi huvuma toka Desemba hata Machi, na baadaye huja kusi. Alama ya kuaminiwa ni ile isiyoondoka: ukingo wa lami unapokutana na mchanga, ukuta wa mawe, daraja dogo la mtaro litoalo mlio wa uwazi chini ya fimbo. Apitapo kando ya ukuta, mlio wa fimbo humrudia karibu. Ukuta ukikoma penye uchochoro, mlio hutawanyika na upepo humpiga shavuni. Kwa hayo ajua kwamba amefika penye kugeuka.

Jua nalo ni alama, ila yataka kufikiri. Akienda kaskazini asubuhi, jua humchoma shavu la kulia. Jioni akirudi kusini, humchoma shavu gani? Lile lile la kulia, maana jua limehamia magharibi naye amegeuka.

Penye barabara kuu hupita siku nyingi. Magari ya nchi yetu hushika kushoto, kwa hiyo yaliyo karibu huja toka kuume. Mtoto husimama, fimbo yake ikionekana mbele, akasikiliza mpaka aweze kutambua gari linalokuja na lile linalokwenda zake. Pikipiki ni shida zaidi, kwani baadhi ya wapanda pikipiki hupita popote penye nafasi. Na wakati wa masika, mvua ipigapo mabati, sauti zote huzama. Hapo asiyeona hungoja barazani, kama nahodha angojavyo ukungu uondoke.

Mwisho mwalimu huuacha mkono wake. Humfuata nyuma kwa hatua thelathini, kimya, asikohoe wala asiseme neno, hata mtoto akipotea kidogo; husema tu ikiwa pana hatari. Mtoto hurudi mpaka alama ya mwisho aliyoijua, akaanza tena. Mama huona uchungu kutazama jambo hilo, wala si ajabu. Akisha kwenda hivyo mara nyingi bila kusemeshwa, asubuhi moja mwalimu hatoki naye tena, bali hukaa dukani akingoja kuisikia fimbo.