Mhudumu Anapojua Asichokijua Daktari

Hospitali ya Endulen, ya Jimbo Kuu Katoliki la Arusha, imo ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro. Wagonjwa wake wengi ni Wamasai, na wapo wanaoeleza maumivu yao kwa Kimaa tu. Katika hospitali ya namna hii, daktari aliyetoka mkoa mwingine humtegemea mhudumu mzaliwa wa hapo amtafsirie. Hapo mwenye cheo kidogo ndiye mwenye taarifa nzito.

Je, ataisema? Tuseme mama ametaja dawa ya mizizi aliyokunywa alfajiri, naye daktari ameshaandika dawa yake. Akisema, mhudumu anaweza kufokewa papo hapo mbele ya watu. Akinyamaza, madhara ni ya mgonjwa, na huenda yasitokee. Ndiyo maana hata wafanyakazi wema na wenye bidii hunyamaza. Wakubwa wengi huuita ukimya huo nidhamu. Kwangu ni hatari, hasa mahali ambapo rufaa ya kwenda Karatu ni safari ndefu ya kupita ukingo wa kreta.

Ukimya wa namna hii umeua hata nje ya hospitali. Tarehe 27 Machi 1977, kwenye uwanja wa ndege wa Tenerife, injinia wa ndege ya KLM iliyokuwa ikianza kuruka aliuliza kama ndege nyingine imeshatoka kwenye njia ya kurukia. Rubani mkuu akajibu kwa mkato kwamba imetoka. Injinia hakuuliza tena. Ndege hizo ziligongana, wakafa watu 583.

Miaka ya 1990, mtafiti Amy Edmondson alichunguza makosa ya dawa katika hospitali za Marekani. Alitarajia timu zenye uongozi mzuri ziwe na makosa machache, akakuta zinaripoti mengi zaidi. Maelezo yake: hazikuwa zikikosea zaidi, bali watu wa timu hizo hawakuogopa kusema.

Hofu ya kumsahihisha mkubwa si jambo geni Umasaini. Kijana hampingi mzee hadharani, lakini watu wa rika moja huambiana ukweli bila kuzunguka. Wodini vyeo haviwezi kufutwa, wala haifai. Kinachowezekana ni mkubwa kubadili swali. “Kuna swali?” huzaa ukimya. “Mama amesema nini ambacho sijamuuliza?” humpa mhudumu ruhusa, tena hufanya kusema kuwe sehemu ya kazi yake.

Daktari, msimamizi wa zamu, mwalimu mkuu: uliza hivyo kesho asubuhi. Na wa kwanza atakayekujibu, mshukuru mbele ya wenzake, hata kama amekosea.