Darubini Juu ya Mauser ya Zamani

Julai 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliingia Kigoma kutoka Kongo, na nchi ya Buha, Kasulu na Kibondo zikiwemo, ikakaa chini yao hadi 1921. Waliowapisha walikuwa Wajerumani na askari wao wenye bunduki za Mauser. Mauser ya 1898 haijazeeka kiufundi: bunduki nyingi za uwindaji bado huundwa kwa mfano wake, na hapo ndipo linapozuka suala la kuifunga darubini.

Anayeihitaji darubini ni jicho. Bwana nyama anayelenga nyati katika Pori la Akiba la Moyowosi anatazama vitu vitatu kwa mpigo: kilengeo cha nyuma, kilengeo cha mbele na mnyama mwenyewe. Jicho likikaza kimoja, viwili vinafifia. Na mtu akivuka miaka 40 lenzi ya jicho hukakamaa, shida ikazidi. Darubini huweka taswira ya nyati na alama ya msalaba katika umbali mmoja.

Lakini bunduki yenyewe inakataa. Mkono wa boliti ya Mauser ya kijeshi hunyanyuka nyuzi 90, ukasimama wima palepale darubini inapotaka kulala. Kitasa cha usalama nacho hupinduka kwa juu. Tena askari alijaza risasi 5 kwa mkupuo kutoka juu, na njia hiyo huzibwa na darubini. Ndiyo maana mafundi hupinda mkono wa boliti na kubadili kitasa. Katika Vita Kuu ya Pili Wajerumani walipita njia nyingine: ZF41, darubini ndogo ya kukuza mara 1.5, waliifunga mbele, kwenye kilengeo cha nyuma, mbali na boliti. Waingereza walikaza kishikio cha darubini ubavuni mwa Lee-Enfield Na. 4, wakaongeza kibao cha shavu kwenye kitako, maana jicho sasa lilihitaji kupanda juu zaidi.

Ukuzaji mkubwa si lazima uwe bora. Gawanya kipenyo cha lenzi ya mbele kwa ukuzaji: milimita 32 kwa 4 ni milimita 8 za upana wa mwanga unaofika jichoni, wa kulitosha jicho wakati wa magharibi, ambapo mboni yake hufunguka hadi milimita 7 hivi. Kwa ukuzaji wa 12 unabaki na pungufu ya 3, na miyombo inageuka kiza. Kwenye unyevu wa mabwawa ya Malagarasi, chagua iliyozibwa na kujazwa naitrojeni, isifanye ukungu ndani.

Kutoboa bunduki ili kukaza vishikio vya darubini ndiko kunakonitia hofu. Vishikio vikiwa sentimita 13 kutoka kimoja hadi kingine, kimoja kikikaa upande kwa nusu milimita, shabaha ya mita 100 inapotea kwa sentimita 38 hivi. Chuma cha kale kikishatobolewa hakirudi kama kilivyokuwa, na Mauser iliyopita vitani ni kumbukumbu ya historia. Kama mmiliki anayo kihalali, chini ya sheria ya silaha ya Tanzania ya 2015, namshauri aende kwa fundi mwenye leseni na kuomba kishikio cha mbele kisichohitaji kutoboa.