KABLA YA KUNUNUA PAKA, TUJIULIZE KWANZA



Mwezi huu tunazungumza juu ya paka. Msicheke! Familia zilizopanga vyumba Buyenzi, Bwiza na Kamenge zinajua shida ya panya. Unga ukilala pembeni, asubuhi gunia limetobolewa. Maharagwe, ndagala, nguo, hata karatasi za ukimbizi, vyote vinatafunwa. Panya hayumo kwenye kadi ya familia, lakini mgao anakula. Ndiyo maana watu wanatafuta paka, au akayabu kama wenyeji Warundi wanavyomwita.

Paka ni msaada kweli. Lakini si mtego wa kuweka kona na kusahau. Anaweza kuishi miaka 15, hata zaidi. Kwa hiyo tujiulize kabla ya kutoa faranga zetu.

Tunaishi na nani? Kama kiwanja ni kimoja na majirani, tuwaulize kwanza, pamoja na mwenye nyumba. Paka hajui mpaka: akila ndagala za jirani zilizoanikwa juani, ugomvi utakuwa wetu. Tuulize pia nani anatega sumu ya panya, maana paka akila panya aliyekula sumu, naye anaweza kufa.

Tunamchagua vipi? Mtoto wa paka asitengwe na mama yake kabla ya wiki 8. Tutazame macho yawe safi, pua isitoe makamasi, tumbo lisivimbe kama ngoma. Anayecheza na kula vizuri ndiye wa kuchukua. Bei ndogo isitudanganye.

Atakula nini? Wengine wanasema paka ashinde njaa ndipo atakamata panya. Si kweli. Paka aliyeshiba bado anawinda, ndiyo tabia yake. Mwenye njaa anakwenda kuiba. Ugali mtupu haumtoshi, lazima apate nyama au samaki, na maji safi kila siku. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha paka wengi wakubwa. Akiugua, tusimpe parasetamoli hata kidogo: inaua paka.

Na watoto wetu je? Tumpeleke kwa vetirineri apate dawa ya minyoo, na akifika miezi 3 apate chanjo ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu una jina la mbwa, lakini paka naye anaupata na kumwambukiza mtu. Dalili zikishaanza, ni nadra sana mtu kupona. Mtoto aking'atwa au kukwaruzwa, osheni kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, halafu mkimbizeni kituo cha afya siku hiyo hiyo. Mama mjamzito asiguse kinyesi cha paka, kinaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni.

Akizaa? Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi 5 hivi, na baada ya miezi 2 mnao watoto wanne nyumbani. Kama hatuwezi kulipa vetirineri amfunge uzazi, afadhali tuchukue dume.

Na tukihama? Hili ni swali letu sisi wakimbizi kuliko wengine. Leo tuko Bujumbura, kesho kambini Bwagiriza au Kavumu, siku nyingine tunarudi nyumbani au tunapelekwa nchi ya mbali. Habari ya safari inaweza kuja ghafla. Paka aliyeachwa anageuka shume: anaiba, anapigana, wala chanjo hapati tena. Basi kabla hajaingia nyumbani, tumtafute jirani atakayekubali kumpokea siku tutakapoondoka. Kama hakuna, tuweke unga kwenye ndoo yenye kifuniko na kuziba matundu ya ukuta. Hiyo nayo ni kazi nzuri, na ndoo tutaondoka nayo.

Na ninyi, panya mnawafukuza vipi? Tuandikieni. Kwa leo ni hapo, tuonane mwezi ujao.